Kaloti Haisomeki

Ukitaka kumjua Jastin, usimuulize jina. Mwambie aseme "karoti." Atalitamka polepole, R yake ikibingirika kama debe tupu kwenye mteremko wa Mgeta, kisha atakutazama kuona kama umeridhika. R hiyo aliipata kwa machozi. Siku yake ya kwanza shule ya bweni, mjini Morogoro, alisimama darasani akasema kwao wanalima "kaloti." Basi. Mpaka anamaliza kidato cha sita hakuna aliyemwita Jastin tena. Hata mpishi alimpakulia akisema, "Haya Kaloti, lete sahani."

Mwaka huu wa 2004 Kaloti alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa. Aliyebaki ni Jastin, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya mboga pale Kihonda, mjini humohumo, shati limenyooshwa, kalamu mfukoni ingawa haandikii.

Kampuni yenyewe ilikuwa mtoto wa soko huria. Siku hizi mwenye lori ndiye mwenye neno. Mkulima wa milima ya Uluguru anatuma ujumbe wa simu: zao, magunia, kituo cha kukusanyia. Kompyuta inausoma, lori linapangiwa safari. Ujumbe usiposomeka, lori halipandi mlima, na mboga zinabaki barabarani zikihesabu nzi.

Kuifundisha kompyuta kusoma ndiyo ilikuwa kazi ya Jastin. Alikuwa na maktaba ya programu, yaani kazi ambazo wengine wamekwisha kuziandika, wewe unaazima tu. Humo akatengeneza ruwaza: umbo la maneno ambalo kompyuta inalitafuta ndani ya ujumbe. Unaiandika, unaiwekea masharti, halafu unaikompaili.

"Kukompaili ndiyo nini?" aliuliza Mwamvita wa mapokezi, mtoto wa Bagamoyo asiyejua kunyamaza.

"Kama kusonga ugali. Programu ikiwashwa inasonga ruwaza mara moja, kisha inakula ugali huohuo kutwa. Ukikumbuka kitu baadaye, unasonga upya."

"Na hawa wajomba zako wa mlimani, L na R kwao mapacha? Umewatilia chumvi yao?"

Masikio ya Jastin yaliwaka. "Nani kakwambia wanachanganya? Hayo ya zamani. Siku hizi watu wamesoma."

Masharti mengine aliyaweka kwa ukarimu. Herufi kubwa au ndogo, sawa. Nafasi zikizidi, sawa. Kilichobaki ilikuwa kuongeza l kando ya r, herufi moja tu ndani ya mabano, ili "kaloti" nayo isomeke. Kidole kilifika juu ya kitufe, kikarudi. Akaisonga ruwaza vilevile.

Vituo vingi vilikwenda vizuri, maana vilituma kabichi na viazi. Kituo cha Msalabani kilikuwa kimya. Msalabani wanalima zao moja. Ndiko alikokulia Jastin, mikononi mwa mama yake mdogo, Yuliana, na zao hilo ndilo lililomsomesha.

Jumatatu Bwana Athanas, mwenye kampuni, alipiga meza. "Msalabani wamelala! Ijumaa nakifuta kituo hicho. Lori langu haliendi kutalii."

Jastin akarudi kwenye kiti chake, akafungua ujumbe uliokataliwa. KALOTI MAGUNIA 8 MSALABANI. Kaloti magunia 11 Msalabani. kaloti. Kama vile darasa zima limesimama linamwita.

Angeweza kusema palepale. Badala yake aliongeza ile l kimyakimya, akasonga upya, akajiambia wakituma tena watasomeka na hakuna atakayejua. Ila hawakutuma. Nani aendelee kubisha mlango usiofunguliwa?

Jumatano Yuliana akashuka mwenyewe, na kifurushi cha kitenge mkononi.

"Shikamoo, mama," Mwamvita alimpokea.

"Malahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Kaloti zetu zinaoza balabalani."

Mwamvita akabana midomo. Jastin naye akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kilichomtoka kwa mazoea ya miaka, kama mtu anavyokwepa kofi. Yuliana aligeuka akamtazama, halafu akatazama kifurushi chake.

"Shikamoo, mama mdogo," Jastin akasema.

"Malahaba, baba. Nielekeze. Simu inayotuma ujumbe ni yangu, na wenzangu wanasema nimewaozeshea mazao. Huenda vidole vyangu vibovu. Wewe uliyesoma, niambie nakosea wapi."

Athanas alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. "Mama, sisi hatujapata ujumbe wenu hata mmoja. Au siyo, Jastin?"

Hapo neno "ndiyo" lingetosha. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Umefika wote," alisema Jastin. "Kompyuta iliukataa. Niliiambia isikubali ila karoti yenye R."

"Hukujua kwao wanasemaje?"

"Nilijua. Mwamvita pia alinikumbusha, nikamkatalia. Niliona aibu."

"Aibu ya nini wewe?"

"Ya kaloti."

Athanas alikuna shingo. "Kituo kinabaki. Kesho unapanda na lori. Ukawaambie wewe, siyo mimi."

Yuliana alikuwa bado na swali lake. "Kwa hiyo halikuwa kosa langu?"

"Halikuwa lako, mama mdogo."

"Afadhali!" Akashusha pumzi, uso ukafunguka kwa furaha kabisa, na furaha hiyo ndiyo iliyommaliza Jastin. Angemtukana ingekuwa nafuu. Akafungua kitenge: kaloti laini, zilizonyauka. "Nilikuchagulia wewe hizi. Zilikuwa nzuli."

Kesho yake, Msalabani, watu walisimama kuzunguka lori. Yuliana alikuwa mbele, kichwa juu.

"Kaloti zenu," Jastin alianza, na ulimi ukachagua wenyewe, "nimeziozesha mimi."

Akangoja wacheke. Alingoja kwa hamu, maana kuchekwa kungekuwa nafuu. Hakuna aliyecheka, maana pale kila mtu husema kaloti. Walimtazama tu, wakisubiri amalizie.