Balbu ya Omu Arobaini

Ukimwuliza mume wangu saa ngapi, atakupa saa na njia aliyoipatia. Anafundisha hesabu, na wanafunzi wake wamempachika jina la Bwana Jibu. Mimi nafuga kuku. Au niseme nilikuwa nafuga, maana kideri kilipita bandani kikawafagia wote, majogoo na mitetea, nikabaki na mayai niliyokuwa nimeyaokota kabla ugonjwa haujabisha hodi. Hayo ndiyo yalikuwa kuku wangu wote duniani. Nikayaweka kwenye mashine ya kuangulia, sanduku la mbao lenye balbu nne za kutia joto, zile za zamani zenye waya mwembamba ndani.

Asubuhi ile yai la kwanza lilitoboka. Kitundu kidogo tu, na ndani kifaranga analia. Nikapiga kelele nyumba nzima waje waone. Hata sijamaliza kushangilia, umeme ukakatika.

"Tulia, mama watoto," mume wangu akasema. "Inveta ipo."

Inveta yetu huchukua umeme wa betri ikautoa kama ule wa ukutani, na mgongoni imeandikwa mwisho wati mia tano. Balbu zimeandikwa wati mia moja kila moja. Nne ni mia nne. Hilo hata mimi nalijua bila kwenda shule. Nikashika plagi.

"Ngoja kwanza nipime."

Jamani, kupima! Alikuwa ameazima mita ya kupimia umeme kwa jirani, mikono inamuwasha kuitumia. Akafungua balbu moja, akagusisha nyaya za mita kwenye kitako chake. Mita ikaandika arobaini.

"Omu arobaini," akasema. "Huo ndio ukinzani wake, jinsi inavyouzuia umeme usipite."

Akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye ukuta wangu wa jikoni. Volti mia mbili thelathini gawanya kwa arobaini, mkondo ni ampea tano na robo tatu. Mkondo huo zidisha kwa volti, unapata wati elfu moja mia tatu na ushee. Akasimama, chaki mkononi, uso umemshuka.

"Hii ni balbu moja. Zote nne zinapita elfu tano. Ukichomeka tu, inveta imekwenda."

"Lakini imeandikwa mia moja!"

"Naona."

"Sasa muongo nani, balbu au wewe?"

Akarudia hesabu, ikatoka vilevile. Akapima balbu ya pili, ya tatu, ya nne, zote arobaini au karibu na hapo. Nikazitazama zile tarakimu mpaka zikaanza kucheza. Kama balbu inakula wati elfu na mia tatu, mbona sanduku langu halijawaka moto? Pasi yangu ni wati elfu moja na inatoboa shati ukijisahau. Nikamwambia hivyo.

"Ndiyo maana sielewi," akasema.

Tangu anioe sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Lilinitisha kuliko hizo elfu tano. Nikimsikiliza yeye, mayai yanapoa. Nikiisikiliza balbu na inveta ikaungua, mayai yanapoa vilevile na inveta sina. Kipimajoto kilikuwa kinashuka, na kile kilio ndani ya yai kilikuwa kimepungua, kinakuja mara mojamoja. Yeye anafuta ukuta kwa kiganja, anaandika upya.

Moto ukanipanda. "Potelea mbali!" Nikarudisha balbu moja, nikachomeka. Mume wangu akaziba masikio.

Balbu ikawaka. Inveta ikavuma kama siku zote. Tukatazamana kama wehu.

Akazima, akaunga mita kwenye waya mmoja ili umeme upitie humo, akawasha tena. Mita ikasema sifuri nukta nne tatu. Hata ampea nusu haifiki! Akazidisha kwa volti, akapata wati tisini na tisa kasoro kidogo. Akagawanya volti kwa mkondo, akapata omu mia tano thelathini na tano.

"Balbu ileile?" nikamwuliza.

"Ileile." Akaketi sakafuni.

Kisha akainuka, akazima, akaichomoa balbu kwa ncha ya shati lake na kuipima ingali ya moto. Mita ikaanza mia na kitu, ikashuka tisini, sabini, hamsini, ikatua arobaini.

"Ikiwa baridi inauachia umeme upite," akasema taratibu. "Ikishapata moto inaukatalia. Mimi nimepima imelala! Hebu niirudie uone..."

"Ukiirudia nakuvunja mkono!"

Tukafunga zote nne. Inveta haikuguna. Joto likapanda taratibu, naye akachuchumaa, akaweka sikio kwenye lile yai lenye kitundu. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanipa mimi nisikilize. Nikasikiliza mpaka shingo ikaniuma. Kile kilio hakikuwepo tena.

Akatoka nje. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine yalikuwa makali, ila nilipouona mgongo wake mlangoni sikuweza.

Mchana yai jingine likatoboka, halafu jingine, halafu sanduku zima likaanza kelele. Nikamwita. Akajibu toka uani.

"Wametoka wangapi? Na wangapi hawakutoka?"

Nikachukua kifaranga mmoja, manyoya bado yamelowa, nikampelekea.

"Leo usihesabu," nikamwambia. "Mshike tu."

Akamfumbata kwa mikono yote miwili, akamsogeza sikioni.