Vipuri vya Zama Zile

Mama Pacha alikuwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya lori la jeshi, akifungua nati ya sampo, bakuli la chini ya injini, ili amwage oili. Asubuhi hiyo pacha mmoja alimtapikia begani, na kwa kuwa hakuwa na blauzi nyingine kavu alikuja kazini hivyo hivyo, ovaroli juu yake. Nati ililegea. Oili ilitoka kwanza nyepesi kama chai ya rangi, ikafuata nzito, kisha ikakwama. Akachokonoa tundu kwa waya. Vikadondoka vifungo vya shati, fundo la nywele, na jino la nyuma lenye tundu ambalo halikuwahi kuzibwa.

Alivisuuza kwa petroli, akaviweka kwenye kisahani peke yavyo visije vikachanganyika na nati za gari lingine, akaendelea kumwaga.

Mwenye lori aliitwa Mstaafu, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, bila kusema amestaafu kutoka wapi. Alikuwa mzee msafi kupita kiasi. Kila alipogusa kitu gereji pale alitoa kitambaa chenye marashi akafuta kidole kimoja kimoja. Lakini mdomoni hakuwa na habari na usafi. Alikuja na mayai ya kuchemsha mfukoni, akayamenya akiwa amesimama, maganda akayaacha sakafuni, na kiini kikamgandia pembeni mwa midomo mpaka anaondoka. Mama Pacha, aliyezoea grisi hadi kwenye nyusi, hakuweza kumtazama akila.

Sharti lake lilikuwa moja. Lori lilikuwa la zama za utawala wa wanajeshi, na kila kipuri kwenye injini kiwe cha zama zile zile, chenye nembo yake. Palikuwa na maonyesho ya magari ya zamani yanakuja, na waamuzi hukagua mpaka bolti. Kazi za namna hiyo Fundi Springi, mwenye gereji, alizijua kwa njia yake. Kipuri kipya hulazwa kwenye maji ya betri, hufukiwa kwenye vumbi la breki, hugongwa nembo ya zamani, na mteja anafurahi. Aliitwa Springi kwa ule mwendo wake wa kurukaruka, na dhamiri yake nayo ilikuwa hivyo hivyo, haikai chini. Ila Mstaafu alimwambia taratibu kwamba feki ataitambua kwa harufu. Springi akatafuta vya kweli.

Cha kwanza kupatikana kilikuwa karabureta. Walipoifunga, Mama Pacha alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, kama alivyofundishwa kusikiliza silinda ipi inaumwa. Silinda ya nne ilikuwa na mwanamume anakohoa.

Alimwita Springi, naye akainama akasikiliza.

"Huyo ana kifua," alisema. "Mpunguzie petroli."

Akapunguza petroli, kikohozi kikatulia.

Harufu ilianza baada ya hapo. Ilikuwa harufu ya jasho la watu wengi waliofungiwa pamoja, na chini yake kitu kitamu kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Iliingia kwenye ovaroli, kwenye nywele, kwenye chai. Mama Pacha alipofika nyumbani mapacha walikataa ziwa, wakageuza shingo na kulia mpaka ajisugue kifuani kwa sabuni ya kufulia. Kuna siku alikula huku amesimama nje barabarani, akamaliza, akarudisha vyote mtaroni.

Kisha ikapatikana pampu ya petroli. Kesho yake asubuhi alipofunua turubai la nyuma ya lori akakuta abiria. Walijaa mabenchi yote mawili, wengi wao vijana, mikono imefungwa nyuma kwa waya. Mama Pacha aliwasalimu, akachukua plaizi akawakata waya mmoja baada ya mwingine. Siku iliyofuata waya ulikuwa umerudi. Akawa anaukata kila asubuhi kabla ya kufagia. Springi alipotaka kuchomelea sakafu ya lori aliwaomba radhi, nao wakainua miguu.

Mstaafu alikuja, akapanda kwenye bampa, akachungulia. Aliwahesabu kwa kidole huku midomo ikichezacheza, akashuka, akafuta vidole.

"Wametimia," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza wamwone akitabasamu.

Mapacha hawakuwa wameachishwa ziwa, kwa hiyo kila adhuhuri mama mkwe aliwaleta, mmoja mgongoni mmoja kifuani, akawakabidhi getini. Ndani hakuwa akiingia. Alisema hapendi makelele ya vyuma. Mume wake alikuwa fundi cherehani. Alichukuliwa na wanajeshi akiwa kibandani kwake, suruali ya mtu ikiwa haijatiwa pindo, na yeye mama mkwe akiwa na mimba ya mwanawe pekee, ambaye ndiye baba wa mapacha. Hakuna aliyerudi kumwambia neno. Kaburi hakuwa nalo, na kwa kuwa hakuwa nalo hakujiita mjane. Akiulizwa, alijibu kwamba mume wake hayupo, kama mtu anayesema ametoka kidogo.

Siku hiyo Springi alikuwa amelisogeza lori mpaka karibu na geti. Mama mkwe aliinua macho akamwona kijana mwembamba mwisho wa benchi, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Akasimama. Mama Pacha akawapokea watoto.

Kijana naye akamwona mwanamke mtu mzima mwenye mvi anamkodolea macho. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema.



"Marahaba, mwanangu," aliitika mama mkwe.

Walizungumza kwa muda mrefu kuliko Mama Pacha alivyotarajia. Kijana alieleza kwamba ana mke nyumbani, mjamzito, mkali kidogo, na kwamba akichelewa kula hununa. Aliomba, kama mama anapita mitaa ile, amwambie kakawia kidogo tu. Mama mkwe akasema atamwambia. Akauliza wanapelekwa wapi. Kijana hakujua. Walikuwa wanajua kupakiwa, na mitikisiko, na kona, na gari kuanza kuteremka. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na kumbukumbu, hata yule wa kukohoa.

Mama Pacha alimsindikiza, na njiani kurudi nyumbani mama mkwe alisema na mkwewe neno moja tu.

"Mwanangu, mimi sitaki kingine. Nataka kujua walimshusha wapi."

Kilibaki kipuri kimoja, distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi. Springi alizunguka kila yadi ya vyuma chakavu akarudi mikono mitupu. Aliposhauri watengeneze feki, Mstaafu alicheka mpaka kiini kikamruka. Kumbe ya lori lenyewe alikuwa nayo. Aliing'oa mwenyewe siku wanajeshi walipokabidhi madaraka, lori lisije likawashwa na mtu mwingine, na miaka yote hiyo ilikuwa kabatini kwake, imefungwa kwenye soksi ya sufu, pembeni ya picha za harusi yake. Aliikabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto.

Mama Pacha ndiye aliyeifunga, na ndiye aliyekaa kwenye usukani siku ya majaribio. Mstaafu alipanda pembeni yake. Mama mkwe, mapacha akiwa amewaacha kwa baba yao, alipanda nyuma bila kuomba ruhusa, akajibana kwenye benchi kando ya fundi cherehani. Injini iliwaka kabla ufunguo haujazunguka. Lori lilitoka getini, likakata kushoto wakati Mama Pacha anakata kulia, akaona ya nini kushindana nalo, akaweka mikono mapajani. Lilipita soko, shule, kituo cha mafuta, likingoja taa kama gari lolote.

"Sasa ndiyo lenyewe," alisema Mstaafu. "Unasikia gia hizo? Nilikuwa naliachia tu, najipigia usingizi."

Baada ya kona lilianza kuteremka. Huko chini palikuwa na shamba la kuku la Mstaafu, mabanda marefu ya bati na mlinzi aliyefungua geti akapiga saluti. Lori lilirudi nyuma katikati ya mabanda, likasimama, na mlango wa nyuma ukaanguka wenyewe.

Abiria walishuka kwa mstari. Hakuna aliyewaamrisha. Waliingia kwenye banda la mwisho, kuku wakawapisha, wakatembea hadi katikati ya kinyesi kilichokuwa kimetuama mpaka vifundoni, na pale mmoja mmoja akazama, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. Fundi cherehani alikuwa wa karibu na mwisho. Aligeuka akamwangalia mama mkwe, akainamisha kichwa kwa heshima, akashuka. Utepe ulielea kidogo juu ya uchafu kisha ukavutwa.

Mama mkwe alikwenda akasimama pale pale. Funza walimpanda viatuni. Mama Pacha alikuwa mlangoni, kiganja puani, akaona aibu kwamba mwili wake unajali harufu wakati kama huo. Ila harufu ilikuwa kali, na mwili hauna adabu.

Mama mkwe aliomba jembe.

"Haiwezekani, mama," alisema Mstaafu kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni mahali pa choo. "Hawa wanataga. Ukiwashtua wanagoma mwezi mzima." Akafikiri, akamwita mlinzi, akachukua trei ya mayai akampa. "Chukua hii, ukapikie wajukuu. Usiseme umekuja bure."

Mikono ya mama mkwe iliipokea kabla kichwa hakijaikataa. Alikaa nayo mapajani safari nzima, na hakuna hata yai moja lililopasuka. Nyumbani alikwenda nyuma ya jiko, akachimba kwa kijembe cha bustani, akayazika yote pamoja na trei yake. Alikaa kando ya kile kifusi mpaka mapacha walipolia.

Mama Pacha alikwenda kituo cha polisi. Aliyekuwa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema lile shamba lina leseni zake zote na hata wao huagiza mayai pale, akamuuliza kama lori lina bima.

Kumbe lori liliwarudisha abiria. Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye mabenchi, waya mikononi, kinyesi cha kuku kimewakauka magotini. Mama Pacha aliwakata waya, akawafuta kwa matambara ya gereji, na hasira ikampanda mpaka meno yakamuuma. Siku hiyo ndiyo aliyomfuata Springi akamwambia wang'oe distributa na kuweka feki ya maji ya betri. Waamuzi wataibaini, Mstaafu ataumbuka mbele ya watu. Springi, aliyekuwa akisubiri kusikia hivyo tangu mwanzo, alikwisha kuitengeneza. Ilikuwa nzuri. Alisema ndiyo feki safi kuliko zote alizowahi kutia mikono.

Mama mkwe alifika adhuhuri akamkuta mkwewe na spana mkononi. Siku hizi aliingia mpaka ndani. Aliwaweka mapacha nyuma ya lori, na fundi cherehani, mikono yake ikiwa huru, akawapima mabega na urefu wa mikono, akinong'ona vipimo asije akavisahau. Hakuambiwa ni watoto wa nani.

"Unafanya nini?" mama mkwe aliuliza.

Mama Pacha akaeleza. Mama mkwe aliangalia lile benchi, kisha spana.

"Ukiitoa hiyo, wataondoka?"

"Wataondoka, mama."

"Basi iache."

"Mama, yule mzee atapewa kikombe. Atapigiwa makofi kwa lori hili."

"Wampigie," alisema mama mkwe. "Makofi yao hayanihusu. Iache, mwanangu, na hiyo pampu uiangalie, naona inavuja."

Ilikuwa inavuja kweli. Mama Pacha aliikaza.

Maonyesho yalifanyika uwanja wa mpira, kukiwa na viti vya plastiki na maspika. Mama Pacha aling'arisha lori tangu alfajiri, kwa kazi nzuri ambayo ilimchukiza mwenyewe kwa uzuri wake. Mstaafu alitaka harufu ipungue, akanyunyiza marashi yake kwenye turubai, ikawa mbaya zaidi. Mwamuzi, kijana mwenye miwani na tochi ndogo, alikagua injini akikuta nembo juu ya nembo. Alipanda nyuma asome namba ya chesisi, akawaomba abiria wasogee kidogo, wakasogea. Alishuka akisema hajawahi kuona gari lililokamilika namna ile.

Kikombe kilikuwa kikubwa. Mstaafu alipigwa picha nacho, lori nyuma yake, na kwenye picha abiria wanaonekana vizuri, wanatazama kamera. Kisha alimfuata Mama Pacha akampa mkono. Kiganja kilikuwa laini na chenye unyevu, na hakikuachia upesi.

"Una mikono ya dhahabu," alisema. "Kuna lile dogo kule nyumbani, nalo nataka ulishughulikie. Lile tulikuwa tunabebea kina mama na watoto wao."

Mama Pacha alitazama upande wa lori. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, mapacha wamelala mapajani pa fundi cherehani, naye hathubutu kujitikisa.

"Vipuri vyake vipo?" aliuliza.

"Vyote. Nimevitunza."

"Lilete Jumatatu," alisema, akaenda kutafuta bomba anawe mikono.