Karantini ya Mama Limi

Fundi Ignas alikuwa na cherehani moja, miwani yenye kioo kimoja kizima, na sauti. Kwa kushona alikuwa wa kawaida tu. Suruali zake zilijulikana Tinde nzima kwa kuwa na mguu mmoja wenye haraka kuliko mwenzake. Lakini kwa kusoma gazeti hakuwa na mpinzani kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, au ndivyo alivyoamini mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Kila Alhamisi basi la kutoka Shinyanga lilisimama mbele ya hoteli ya Mama Limi, utingo akatupa gazeti barazani, na Ignas, aliyeshonea hapo hapo barazani, akaiacha suruali ya mtu na sindano ndani yake. Watu walikuwa wamekwisha kujaa kwenye mabenchi. Mama Limi alimimina chai. Jina lake la kuzaliwa ni Mbuke, mjane, na aliishi peke yake nyuma ya hoteli tangu binti yake Limi aolewe na mchimba almasi wa Maganzo. Ignas aliwasomea watu wote, lakini kila alipomaliza habari moja alitupa jicho jikoni kuona kama mwenye hoteli ametikisika. Alikuwa akimpenda kwa miaka miwili. Hotuba ya kumposa alikuwa nayo kichwani, tayari, ndefu ya kutosha kumaliza birika mbili za chai. Alichokosa ni ujasiri wa kuianza.

Basi mwaka 1957, mwezi wa saba, gazeti likaleta mafua. Habari yenyewe ilikuwa aya nne tu, chini kabisa ya ukurasa, imebanwa na tangazo la sabuni: mafua makali yaliyoanzia Asia yameenea nchi nyingi, abiria wa meli moja wamewekwa karantini bandarini, na watu wachache wa pwani wameugua. Baada ya hapo kulikuwa na maneno ya daktari, ambayo Ignas aliyapitia kwa macho akayaacha. Aliona aibu kuwapa watu waliotembea tangu alfajiri habari isiyofika hata nusu kikombe, kwa hiyo akaongeza. Watu wachache wakawa mamia. Alhamisi ya pili mafua yakafika Dodoma, ya tatu yakafika Tabora, maana mafua ya Ignas yalisafiri kwa reli.

Mabenchi hayakutosha. Watu walikaa juu ya magunia, na Mama Limi akaazima vikombe kwa jirani. Siku hiyo ya Tabora ndipo Mzee Bujiku, mwenye ng'ombe mia mbili na swali moja kila wiki, alipoinua fimbo yake.

"Fundi, lile neno la kwenye meli. Hebu lirudie."

"Karantini, baba."

Wafugaji wote wakaweka vikombe chini. Huenda kwa watu wa pwani karantini ni mambo ya meli. Huku ni mambo ya zizi. Sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, ikiingia kijijini, njia huzibwa kwa matawi ya miiba, ng'ombe hatoki wala haingii, mnada unafungwa, na Bwana Mifugo anakuja na sindano ndefu kama kidole, na chapa ya moto, na amri ya kupeleka wote kwenye josho. Bujiku alipigwa karantini mara mbili katika maisha yake, na mpaka leo akilisikia neno hilo huanza kuhesabu kwa vidole.

"Sasa hao watu wa meli," akauliza, "wamechomwa chapa?"

Ignas akalitazama gazeti. Halikuwa na chapa popote. Lakini swali lilikuwa zuri, na kule jikoni birika ilikuwa imesimama hewani, Mama Limi anasikiliza.

"Gazeti halijakataa," alijibu.

"Na josho je?"

"Hilo nalo halijakataa."

Kufikia jioni Tinde nzima ilijua kwamba serikali itawatumbukiza kwenye josho watu wote wenye mafua, mpaka shingoni, kisha itawachoma chapa mapajani: wanaume paja la kulia, wanawake la kushoto. Hiyo ya kulia na kushoto hata Ignas hakuisema. Aliisikia kesho yake kwa mteja aliyekuja kupima koti, akaona imekaa vizuri, na Alhamisi iliyofuata akaisoma.

Hofu ikashika. Wazee waliacha ugoro, ili chafya isije ikawaponza mbele ya watu. Kanisani waumini walizuia chafya mpaka macho yakawatoka, na padri akadhani wameguswa na mahubiri. Watu walisalimiana kutoka mbali, shikamoo ikirushwa kutoka upande huu wa barabara na marahaba ikirudi kutoka upande ule. Athanas, Bwana Mifugo, alipokuja na baiskeli yake kukagua josho kama alivyofanya kila mwezi, hakumkuta binadamu hata mmoja. Aliwakuta ng'ombe. Wakatazamana kwa muda, kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

Jumatatu, akiwa anamimina chai, Mama Limi akapiga chafya. Akapiga ya pili. Alipopiga ya tatu, mabenchi yalikuwa yamebaki na vikombe tu.

Kesho yake hakufungua mlango, na ndani alisikika akikohoa. Wanaume, Bujiku akiwa mbele, wakafanya walichokijua. Walikata matawi ya mgunga wakaziba mbele na nyuma ya hoteli, wakafunga kitambaa cheupe juu yake ili mgeni asipite. Hawakufanya kwa ubaya. Kila mmoja wao aliwahi kunywa chai yake, na mmoja alilia waziwazi huku akikata miiba.

Na Ignas? Tusimpambe. Alihamisha cherehani yake ng'ambo ya barabara pamoja na wenzake. Alijua vizuri kabisa alichoongeza na siku aliyokiongeza, lakini maneno yale alikuwa ameyasikia kwa watu wengi mno, na sasa yeye mwenyewe yalimtisha. Alikaa hapo Jumanne yote akishona mshono mmoja na kuufumua. Kila kikohozi kilichotoka ng'ambo kilimchoma, naye akainamia cherehani.

Jumatano asubuhi alisikia kitu kingine. Ilikuwa ni kata ikikwaruza ndani ya mtungi, kwaru, kwaru, mara tatu, kisha kimya. Ignas aliijua sauti hiyo kama mtu yeyote anayeishi peke yake. Maji yalikuwa yamekwisha.

Akasimama, akachukua debe la maji la jirani bila kuomba, akaenda mpaka kwenye miiba. Watu wakakusanyika nyuma yake, kwa umbali wa kutupa jiwe.

"Nisikilizeni," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna chapa. Hakuna josho. Dodoma sijui, Tabora sijui. Gazeti lilikuwa na aya nne. Mengine nilitunga mimi."

Watu walitazamana kwa huzuni.

"Wiki zote hizi amesema kweli," Bujiku akawaambia wenzake, "leo kwa ajili ya mwanamke anaanza uongo." Kisha akamgeukia Ignas kwa upole. "Fundi, sheria ya karantini unaijua. Ukiingia, hutoki."

"Basi sitoki."

Akajipenyeza. Miiba ilimshika shati, na shati, kwa kuwa alilishona mwenyewe, likaachia mshono wote wa mgongoni bila ubishi. Nyuma yake alisikia wakirudisha matawi mahali pake, kwa uangalifu, kama watu wanaojua kazi.

Ndani palikuwa na giza na joto. Mama Limi alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mtungi, midomo imekauka. Ignas alimnywesha maji kidogo kidogo, akafungua dirisha, akapika uji wenye mabonge ambao mtu mwenye afya angeurudisha. Alikesha naye. Aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa, si mafua tena, bali kwamba huyu mtu atamfia mikononi kwa sababu ya maneno aliyoyatia chumvi ili apate kutazamwa.

Alhamisi jua lilipopanda, homa ikashuka. Mama Limi akafumbua macho.

"Fundi. Magazeti yako pale chini ya gunia la unga. Niletee lile la kwanza."

Ignas akalileta, akavaa miwani, akasafisha koo ili amsomee. Mama Limi akanyoosha mkono akamnyang'anya. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole, neno kwa neno, kama mtu aliyejifunza ukubwani.

"'Mgonjwa alale, apewe maji mengi na chakula chepesi, na dirisha liwe wazi. Wengi hupona baada ya siku chache.'" Akashusha gazeti. "Hii hukuisoma."

"Haikuwa na ladha," Ignas akasema, kisha akasikia mwenyewe alichosema. Aibu ilimpanda, akashindwa mahali pa kuyaweka macho. "Tangu lini unajua kusoma?"

"Tangu uliponisomea barua ya Limi ukaniambia kajifungua mapacha. Nilikwenda mpaka Maganzo na kanga mbili za kubebea, nikakuta mtoto mmoja. Niliporudi nikajiunga na darasa la akina mama pale misheni."

Ignas aliikumbuka barua ile. Nayo ilikuwa fupi.

"Kwa nini hukunikatiza?"

"Mabenchi yalikuwa yamejaa," akasema Mama Limi, na yeye pia akatazama pembeni. "Ile miiba tumeikata wote wawili." Akanywa uji, akakunja uso, akanywa tena. "Haya, na hilo lingine. Miaka miwili unatupa jicho jikoni kwangu. Sema unachotaka. Na uliseme lilivyo, usiongeze kitu."

Ignas akafungua mdomo. Akaitafuta hotuba yake ya birika mbili, akaipata yote, akaanza kuipekua mstari kwa mstari. Mistari yote ilikuwa ya kuongezea. Chini kabisa akakuta maneno matatu.

"Mbuke, nataka tuoane."

Mama Limi akaweka bakuli la uji chini.

"Ndiyo," akasema. "Lakini Limi awe wa kwanza kujua. Mpaka atakapokuja, usimwambie mtu. Hata mmoja."

Wakati huohuo basi likapiga honi nje, na gazeti likaruka juu ya miiba likaangukia barazani. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wamekwisha kukaa, wamejipanga juu ya magunia, shingo zimenyooka. Mama Limi akajikokota mpaka dirishani akiwa amejifunga shuka, nao walipomwona amesimama kwa miguu yake wakapiga kelele za mshangao. Akawasomea maneno ya daktari kwa sauti iliyokwaruza: maji, uji, dirisha, siku chache. Akarudia mara mbili. Kisha akafungua gazeti jipya, ambalo Ignas aliliokota barazani, akasoma kwamba wagonjwa wa pwani wanaendelea kupona.

"Ni hayo tu, mama?" mtu mmoja akauliza.

"Ni hayo tu."

Wakabaki na sura za watu walioandaliwa karamu wakaletewa maji ya kunawa. Hatimaye Bujiku akanyanyuka, akashika tawi la mgunga, akalivuta pembeni, polepole, moyo haumo. Alipofika la pili akamwona Ignas nyuma ya dirisha, shati limepasuka, uso unang'aa isivyo kawaida.

"Fundi," akamwita, kwa sauti ya mtu anayeomba. "Wewe umekaa humo tangu jana. Hakuna habari nyingine?"

Barabara nzima ikamgeukia. Ignas alikuwa na habari kubwa kuliko zote alizopata kushika maishani mwake, ya kweli tupu, isiyohitaji kuongezewa hata neno. Akamtazama Mbuke.

"Hakuna," akasema.