Faili la Fundi Kufuli

Fundi kufuli alipoambiwa ngiri yake itapasuliwa Jumanne, hakuuliza habari za kisu. Aliuliza kama anaruhusiwa kuingia na faili.

Lilikuwa faili la bluu, nene kama tofali. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, barua ya shukrani kutoka kwa wanakwaya, na picha yake akipaka rangi choo cha kanisa. "Nikifa," alimwambia mkewe, "sitaki kufika mbinguni nikajieleze kwa mdomo mtupu."

Jumanne asubuhi muuguzi alikataa katakata. "Baba, kule haiingii karatasi. Hata hizo soksi, vua."

Fundi akalikumbatia faili lake kitandani. Alikuwa amefungua milango ya nusu ya mji, lakini huu wa leo ulimshinda.

Mara mkewe akatokea na chupa ya chai.

"Umepitaje?" fundi akashangaa. "Saa ya kuona wagonjwa bado. Bawabu yule jana kamrudisha hata mchungaji!"

"Nimemwambia mimi ni mke wa mwenye ngiri, kitanda cha nane. Akafungua."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nimwonyeshe nini, sufuria nilizosugua? Nimeingia kwa sababu mimi ni wako." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Na wewe ni wa Kristo, mume wangu. Alikufa, akafufuka, nawe umo ndani yake. Sasa hilo faili unampelekea nani? Ile rangi ya choo yenyewe ilibanduka wiki ya pili."

Fundi akaangua kicheko, ngiri ikamtia adabu papo hapo. Macho yakamlowa. Kisha akamkabidhi faili.

Walipoanza kumsukuma, akafumba macho, akaomba kwa sauti: "Bwana Yesu, sina cha kuonyesha. Mimi ni wako, nawe ni wangu. Kwa hiyo ngiri hii ni yetu sote wawili."

Muuguzi akasimamisha kitanda, acheke kwanza.

Upasuaji ukaenda salama. Jioni, dawa ikiwa bado kichwani, fundi akasikia jirani yake, dereva wa lori aliyesubiri kupasuliwa kesho yake, akimwuliza kwa woga:

"Ndugu, kuingia mle peke yako kukoje?"

"Peke yangu? Nani kakwambia nilikuwa peke yangu?" fundi akajibu. Akageuza shingo, akalala, akakoroma mpaka dereva akaomba ahamishwe wodi.