Chakula cha Mkono wa Rosina

Miaka mitatu Siune hakuisogelea meza ya Bwana. Jumapili ya ushirika alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na mkate ulipopitishwa aliinamisha kichwa mpaka ukapita. Hakuna aliyemfukuza. Alijifukuza mwenyewe.

Kosa lake kijiji kizima kililijua, ingawa wengi hawakuliita kosa. Mdogo wake Kaupa alianguka ghafla akipalilia kahawa, akafa palepale. Vijana wa ukoo wakasema ameliwa ini kichawi na mkewe, Rosina. Wakamfunga yule mjane kwenye mti wa mvinje, wakawasha moto, wakatia chuma kwenye ule moto. Kabla ya kumgusa walimfuata Siune, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, wakamuuliza kama anamdhamini. Neno moja lingetosha. Lakini huku kwetu milimani anayemtetea mchawi huitwa mchawi, na Siune alikuwa na mke na mabinti. Akasema, "Moyo wa mtu mimi siujui." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akaimba zaburi kwa sauti kubwa ili asisikie.

Rosina hakufa. Mtawa mmoja muuguzi alikuwa akipita na gari, akashuka peke yake, akamfunika kwa shuka, akasimama kati yake na vijana mpaka wakachoka kumtukana. Akampeleka bondeni, kwenye zahanati.

Siku moja Mchungaji Wemin alikwenda kuketi kwenye lile benchi la mwisho, bega kwa bega na Siune, baada ya watu kutoka. Alimwambia kwamba kumrudisha mezani angeweza hata siku ileile, lakini Rosina, ambaye Siune alimkana, yu hai, na kwake ni mwendo wa saa nne kwa miguu. Aanze huko.

Siune alikwenda na nguruwe, kwa maana hasira ya mtu hukaa tumboni, na tumbo la uliyemuumiza hupozwa kwa nguruwe. Alimkuta Rosina shambani nyuma ya zahanati, anachimba viazi vitamu. Upande mmoja wa uso ulikuwa umekunjamana kwa makovu, na mkono wa kushoto haukunyooka tena. Hakumfukuza. Alimtandikia gunia akalie, maana nyasi zilikuwa na umande.

Siune alisema yote bila kujitetea, hata ile zaburi. Akaomba msamaha. Rosina alimsikiliza huku akifukua kiazi kutoka kwenye majivu ya moto aliouwasha kando ya shamba.

"Nguruwe wapelekee kaka zangu, wao ndio wapenda nyama," alisema. "Mimi nataka ule chakula changu."

Chakula cha mwanamke aliyeitwa mchawi hakuna akilaye. Hata dada yake Rosina alipokuja kumwona alikuja na kiazi chake mfukoni. Siune alikitazama kiazi cha Rosina kinavyofuka moshi, na mkono wake ukakataa kuondoka gotini.

"Unaniogopa, shemeji?"

"Naogopa."

"Miaka mitatu unajuta, na bado unaamini?"

"Kichwa hakiamini. Mkono ndio unaamini."

Rosina karibu acheke. "Walau leo umesema kweli. Basi hapa usile, hapa hakuna anayekuona. Nitakuja Jumapili, utakula mbele yao."

Akaja. Mke wa mchungaji alitembea nusu ya njia kumpokea, asije akaingia kijijini peke yake. Baada ya ibada Rosina alitoa kiazi kwenye mfuko wake wa kufuma, akampa Siune mbele ya mlango wa kanisa, na watu wakarudi nyuma kama wanaoona nyoka. Siune akala.

Dama, kijana aliyekuwa ameshika chuma siku ile, alikuwa ameegemea ukuta anatafuna popoo, mdomo mwekundu. "Kula ushibe, baba mkubwa," alisema. "Kaburi tutakuchimbia bure." Watu wakacheka. Siune alimaliza mpaka ganda, akaomba cha pili.

Rosina alibaki kwa mchungaji ili apalilie kaburi la mumewe. Na Alhamisi homa ikamwangusha Siune.

Kufikia Jumamosi hakuweza kusimama. Mganga wa zahanati alipanda, akampima, akasema ni homa ya matumbo, na kwamba wako wagonjwa wengine wawili wanaokunywa maji ya kijito kilekile. Alisema mara mbili. Hakuna aliyetaka kumsikia. Saa sita mchana vijana wakawa wamekusanyika na mapanga uani kwa mchungaji, na Dama akaja kitandani kwa Siune.

"Baba mkubwa, tumbo linakukata, si ndiyo? Ni yeye. Wewe itikia kwa kichwa tu, mengine tuachie."

Siune alimwomba mkewe, Agata, atafute wa kumbeba mpaka kwa mchungaji.

"Wakikugeukia na wewe?" Agata aliuliza. "Wakinigeukia mimi na watoto?"

"Huenda. Sikudanganyi."

Agata alilia. Kisha akaita mabinti zake wawili, wakamlaza kwenye machela ya mianzi, na yeye akashika upande wa kichwa ulio mzito.

Rosina alikuwa amesimama mgongo ukutani. Mchungaji alikuwa mbele yake, mikono mitupu. Machela ilipowekwa chini vijana wakashusha mapanga, maana kila mmoja alidhani Siune amekuja kumtaja Rosina.

"Mliniuliza nikasema simjui," Siune alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wasogee. "Niliwadanganya. Namjua. Mama yetu alipokuwa hajiwezi ndiye aliyemwosha, miezi saba, hakuziba pua. Kaupa aliuawa na ugonjwa wa moyo. Mimi nikifa, yameniua maji. Atakayemgusa mwanamke huyu asinizike, wala asinililie. Na kama lazima mchome mtu, nipo hapa, sina hata nguvu ya kukimbia."

Dama alitema mate mekundu karibu na machela. "Mzee anaweweseka," alisema. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua panga juu ya mgonjwa, na mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Hawakuondoka kwa kuamini. Dama alikuwa wa mwisho.

Rosina alichuchumaa, akamwinua Siune kichwa kwa ule mkono usionyooka, akamnywesha maji yaliyochemshwa. Siune aliuliza kama amemsamehe. Rosina alimfuta mdomo kwanza.

"Nikinusa kuni za mvinje natetemeka mpaka leo," alisema. "Hilo litabaki nami. Lakini nimekusamehe, shemeji."

Mchungaji hakungoja Jumapili. Alileta mkate na kikombe hapohapo uani. Siune aliomba Rosina aanze. Rosina akanywa, na Siune akanywa baada yake, mdomo wake palepale ulipokuwa wa shemeji yake. Kikombe kikamfikia Agata. Alisita, kisha akanywa naye.

Homa ilimshika Siune wiki mbili zaidi, ikamwacha mifupa mitupu. Rosina hakukaa kijijini. Asubuhi iliyofuata ushirika ule wa uani alirudi bondeni, na hakuna aliyemuaga ila nyumba ya mchungaji, na Agata, aliyembebea mfuko mpaka mtoni.