Mbwa Aliyeonyeshwa Njia

Wifi yangu Lukresia, dada wa marehemu mume wangu, ana ugonjwa wa kuokota. Pale Kiabakari, nyuma ya nyumba yake, alifuga mbwa na paka waliotelekezwa. Wachimbaji wa Buhemba wakifuata dhahabu kwingine hubeba sururu, sufuria na redio, ila mbwa aliyewalindia mawe miezi yote wanamwacha. Kila aliyeachwa hivyo Lukresia alimchukua, akamchanja, akamlisha ugali na dagaa, kisha akamtafutia nyumba. Mimi nilimcheka tu. Nilimwambia angefuga kuku, angalau wangetaga.

Mwaka huu miguu ilimvimba, mwanawe akaamua kumhamishia Musoma, kwenye chumba kimoja kisicho na ua. Wanyama wote walipata pa kwenda isipokuwa mmoja. Lukresia alikuwa anahama Jumamosi, na saa sita mchana siku hiyo daktari wa mifugo angekuja kumchoma huyo aliyebaki sindano ya kumlaza moja kwa moja.

"Wifi Dorotea," aliniambia kwenye simu, "watu watatu wamemchukua, wote wamemrudisha. Wanasema hali chakula, anajificha uvunguni, anatetemeka tu. Umebaki wewe."

Nilikasirika. Naishi peke yangu Butiama tangu mume wangu Nicolaus afariki, na mbuzi wangu wawili walishaibwa. Nilitaka mbwa mkali, si mwoga. Hata hivyo Alhamisi nilikunja gunia, nikaliweka kwapani, nikaenda kumtazama.

Gunia ni desturi. Kwetu mbwa au paka anayehamishwa anabebwa ndani ya gunia, asije akaiona njia akarudi alikotoka. Bibi alifanya hivyo, mama alifanya hivyo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza.

Mbwa mwenyewe aliitwa Tajiri, jina la utani, maana ungeweza kuhesabu mbavu zake. Alikuja akitikisa mkia, akanilamba vidole. Nilimpenda papo hapo, sitaficha. Kisha nikakunjua gunia. Tajiri akalala chini, akajikojolea.

"Ndivyo anavyofanyaga," Lukresia akasema. "Wote waliomchukua walikuja na gunia. Nilikuwaga nawasaidia kumsukumia ndani."

"Kwani ulimtoa wapi?"

"Buhemba, kwenye shimo la zamani. Nilisikia kitu kinalia mle. Alikuwa ndani ya gunia la mkaa, wamelifunga mdomo kwa kamba."

Alipomaliza kusema hivyo akaniangalia, nami nikamwangalia. Akakaa juu ya ndoo, akaziba mdomo kwa kanga.

Sikumlaumu. Nicolaus alipofariki wanangu walinipeleka Mwanza, wakasema ni kwa wiki moja. Kumbe nyumba yangu walishampangisha mwalimu. Hawakuwa watoto wabaya, walidhani nisipojua ndiyo nitatulia. Siku mbili sikutia kitu mdomoni, ya tatu nikapanda basi nikarudi kwangu.

Gunia nililiacha pale pale. Nikamfunga Tajiri kamba shingoni, tukatembea kwa miguu hadi Butiama, na kila njia panda nikasimama anuse mpaka aridhike. Mwendesha bodaboda mmoja akanitania, "Mama, unampeleka shule huyo?" Nikamjibu ndiyo, na amechelewa kuandikishwa.

Siku hiyo Tajiri alikula. Ijumaa akashinda mlangoni. Jumamosi nilipoamka hakuwepo.

Saa nne Lukresia akapiga simu. "Wifi, amekuja. Yuko hapa miguuni pangu. Saa sita daktari anafika, nampigia nimzuie simu yake haipatikani. Nimtie kwenye gunia nimpe mtu wa bodaboda akuletee?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilinifika mdomoni.

"Usimfunge," nikasema. "Mpe maji, muage. Kisha fungua geti, upande gari lako akikuona."

"Na akikaa hapa getini? Daktari atamkuta."

"Najua atamkuta." Nikakata simu kwa ukali, nikakaa chini nikalia.

Saa sita ikapita, na saa nane pia. Nilisonga ugali wa watu wawili nikaufunika. Kwenye saa kumi nikamwona anakuja kwa njia ya Kiabakari, vumbi mpaka masikioni, anatembea taratibu bila kunusa popote. Akaingia, akanywa maji, akajilaza mlangoni.

Lukresia alinisimulia baadaye alivyoambiwa na jirani yake. Tajiri alisimama akalitazama gari mpaka likapotea, kisha akageukia njia ya kwangu.

Siku hizi majirani wakiniuliza watapata wapi mbwa, nawaelekeza kwa watu wanaowaokota, na nawaambia wasiogope aliyekwisha kukua. Ila magunia wayaache nyumbani. Tajiri mwenyewe bado huenda Kiabakari mara moja moja, nafikiri kunusa lile geti. Siku hiyo geti langu silifungi mpaka nimwone.