Teke Moja, Makosa Mawili

Tangu saa moja asubuhi Ngalula alikuwa amesimama kwenye baraza ya mahakama ya Élisabethville, maana benchi lilikuwa la Wazungu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya matanga. Mumewe Désiré, mpishi wa Bwana Hanssens, alikuwa na majuma matatu kaburini. Mchuzi uliungua, Bwana Hanssens akampiga teke la tumbo kwa buti, na jua halikuzama Désiré akiwa hai.

Saa tano alitoka Clément, mkalimani, mtu wa Kasai kama yeye, faili kwapani.

"Mama, jaji amekata," alisema polepole. "Kosa iko ya kupiga bila kukusudia kuua. Monganga wa hospitali aliandika, bandama ya Désiré ilivimba na malaria. Muzungu atalipa faini."

"Bandama njo ilimuua?"

"Njo vile baliandika."

Ngalula alimfuata hadi chumba cha makarani. Ukutani palikuwa na rafu tatu, naye akauliza kila moja ni ya nini. Clément aliona haya kumfukuza mjane. Akamwonyesha kwa kidole: chini, makosa madogo ya kituo cha polisi, kama kupika pombe au kutembea bila kibali; katikati, kupiga na kuiba; juu, kuua na kutaka kuua. Kisha akalisukuma faili la Désiré katikati, karibu na kesi ya baiskeli iliyoibwa.

"Kumbe kupiga muntu teke iko hapa?"

"Iko hapa, mama."

"Muntu yeyote?"

Clément alidhani anamsemea marehemu. "Yeyote. Sheria iko moja."

Ngalula akatoka. Bwana Hanssens alikuwa kwenye ngazi, akiwasha kiko na kuzungumza na wakili wake. Ngalula hakutukana wala hakulia. Alikunja kikwembe hadi magotini, akamsogelea, akampiga teke la tumbo kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kiko kiliruka. Mzungu aliketi kitako kwenye ngazi, akatapika kahawa juu ya suruali yake nyeupe. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Ngalula alivuta pumzi ikafika chini kabisa ya kifua.

"Ya Désiré hiyo," alisema. Alikuwa ameinua mguu tena askari walipomkamata.

Alasiri alisimamishwa mbele ya jaji yule yule. Daktari alikuwa ameandika kwamba Bwana Hanssens hana jeraha. Jaji akasema kwa Kifaransa, Clément akatafsiri bila kumtazama.

"Anasema ulitaka kuua muzungu. Iko kosa ya juu. Utangojea kesi mu prizo."

"Miye nilipiga teke moja. Sawa na yake."

"Nyamaza, mama."

"Sinyamaze! Umuambie: yeye alikuwa na buti, miye niko miguu wazi. Kama ningekuwa na viatu, leo tungetafuta bandama yake."

Jaji aliinua kalamu. "Anasema nini?"

Clément alimjibu kwa Kifaransa. "Anaomba pardon, bwana."

Ngalula alilijua neno lile la kuomba msamaha, kama kila mwanamke aliyefua nguo za Wazungu.

"Siombe!" Ngalula alipiga kelele, askari wawili wakimburuta kuelekea mlangoni. "Clément! Siombe!"

Jaji hakuinua kichwa. Alikuwa amekwisha kuliandika neno lile, na sasa alikuwa akikausha wino wake.